Makofi kwa Kompyuta Mpya

Enzi za Zaire, nikiwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Kisangani, mwuzaji kutoka Kinshasa aliweka kompyuta mpya, yenye ubongo wa aina nyingine, kando ya ile ya zamani. Zikapewa hesabu ileile. Mpya ikajibu kwanza. Mkuu wa ofisi akatuamuru tupige makofi. Tukapiga, tulikuwa na mazoea.

Mama aliyeendesha mashine hizo hakupiga.

"Citoyenne, na wewe?" mkuu akamuuliza, kwa jina la "mwananchi" tulilolazimishwa kuitana.

"Mikono yangu iko na kazi, citoyen chef. Iko inashika saa."

"Ya mupya ilishinda!"

"Mara moja tu. Na ile ya zamani tumeiwasha sasa hivi, iko baridi bado. Tuzipatie kazi moja, tena na tena. Ile mara inachelewa sana, tuandike pia: ndiyo ile batu ba foleni banaumia nayo."

Mkuu akamnyooshea kidole. Mama akarudisha mshale wa saa yake ya kupimia mbio kwenye sifuri.

Nchi nzima, yenye chama kimoja na mgombea mmoja, ilizoea mashindano ya mkimbiaji mmoja, anayeshinda kabla hajavaa viatu. Yeye alidai mzunguko wa pili. Sisi wa foleni tukashusha mikono, tukaanza kuhesabu naye kwa sauti.