Shoti ya Mwezi Katika Filamu ya Editha

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi ya kwendea kanisani na viatu nilivyoazima kwa dada yangu, nikiamini kwamba mhariri wa video hukaa mbele ya watu kama karani wa benki. Nilikuta chumba kisicho na dirisha, mashine mbili za kanda, televisheni mbili, na feni iliyofungwa kwa waya isije ikaanguka. Mkuu wa Uhariri alikuwa mzee mwembamba ambaye kikombe cha chai hakikumtoka mkononi. Alinitazama miguuni, akasema, "Binti, humu hakuna atakayeviona hivyo viatu. Vua, ukae vizuri, tuna harusi ya kumaliza."

Enzi hizo tulihariri kwa kunakili. Kanda yenye picha ghafi, yaani picha zilizotoka kwenye kamera bila kuguswa, iliingia mashine ya kushoto. Kanda tupu iliingia ya kulia. Ulitafuta kipande unachokitaka, ukakirekodi upande wa pili, ukatafuta kinachofuata. Ukifika kipande cha hamsini ndipo ugundue kwamba cha pili ulikikosea, ulirudi hadi cha pili na kuanza upya. Ndiyo maana tulipanga sana kabla ya kubonyeza kitufe. Ninyi mnaofuta na kurudisha kwa kidole kimoja, nawafurahia kweli, ila nawaomba msiache kupanga.

Maneno mnayajua, lakini nitayaeleza kwa ajili ya anayeanza. Shoti ni picha inayotoka tangu kamera ilipoanza kurekodi hadi iliposimamishwa. Mahali shoti moja inapoishia na nyingine kuanza ndipo penye mkato. Shoti za mwanzo kabisa, zile zinazomwambia mtazamaji amefika wapi na amkazie nani macho, ndizo ufunguzi. Mkuu wa Uhariri alikuwa na imani moja tu kuhusu ufunguzi, na alinipa siku ile ile.

"Kilicho kizuri weka mbele," alisema. "Mtazamaji ana rimoti mkononi na sufuria jikoni. Mpe sababu ya kuacha sufuria iungue."

Nilicheka, nikaishika. Ilinifaa kwenye harusi na mahafali. Ilinifaa nilipohamia chumba cha habari cha televisheni, chini ya Mhariri wa Zamu ambaye alihesabu sekunde kwa kugonga meza na kalamu, na ukizidisha moja aliacha kugonga, akakuangalia tu. Nilipoteuliwa kuwa mkufunzi wa uhariri katika chuo kimoja cha Ilemela, nilikwenda nayo darasani kama mtu anavyohama na kiti chake.

Chuoni, kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitengeneza filamu fupi. Sikumruhusu kugusa kompyuta kabla ya kupanga ufunguzi ukutani. Alikata manila vipande vya ukubwa wa kiganja, akachora shoti moja kwenye kila kipande. Mchoro wa watu wa vijiti ulitosha. Chini yake aliandika tunachoona, tunachosikia, na sekunde zake. Tulivibandika ukutani kwa selotepu, tukarudi nyuma hatua tano na kuvisoma kwa mpangilio. Shoti isiyo na kazi hujionyesha yenyewe ukisimama mbali.

Katika miaka yangu ya mwisho kazini nilimpata Editha. Alikuwa msichana mkimya aliyekulia kwenye mwalo mmoja upande wa kaskazini wa jiji, pale mitumbwi inapotia nanga na kushusha dagaa. Mama yake alikuwa mwanikaji. Alipokea dagaa wabichi alfajiri, akawatandaza juu ya vichanja vya miti vilivyofunikwa nyavu, akawageuza jua likipanda, akawakusanya jioni. Filamu ya Editha ilimhusu mama huyo.

Kadi zake saba za manila zilinisumbua. Ya kwanza ilionyesha kichanja kitupu. Ya pili, mbuzi amelala chini ya kichanja. Ya tatu, mama ameketi mlangoni.

"Editha, mbona hapa hakuna kinachotokea?"

"Ndivyo ilivyokuwa siku za mwanzo, madam. Nilipewa kamera siku kumi, na siku zile dagaa hawakuwepo. Nikaomba niongezewe siku."

Nilimpa pole, nikidhani amekosa bahati. Nikafungua picha zake ghafi na kuzipeleka mbio, kama afanyavyo mtu aliyezoea. Ghafla nikasimama. Mwezi mpevu ulikuwa umekaa juu ya ziwa, na njia ya mwanga ilitoka kwenye upeo hadi kwenye mawe ya ufukweni. Kamera haikutikisika hata kidogo.

"Hii mbona huna kadi yake?"

"Hiyo nilipiga tu, madam. Nilikuwa nimekaa na mama."

"Filamu yako inaanzia hapa. Hii ndiyo shoti nzuri kuliko zote ulizonazo."

Aliutazama ukuta wake. "Sawa, madam."

Nikabandua kadi zake tatu za kwanza kwa mkono wangu.

Tulihariri siku mbili. Mwezi sekunde nane. Kisha mwanga uliokuwa ukicheza majini tukaukata moja kwa moja hadi kwenye dagaa wabichi waking'aa ndani ya ndoo, mitumbwi imejaa hadi inakaribia kuzama, wanawake wakiingia majini na sketi zao. Huo huitwa mkato wa kufananisha: umbo au mwanga wa shoti moja unapokelewa na unaofanana nao katika shoti inayofuata, na jicho halisikii mstuko. Mkuu wa Idara alipita, akatazama mara mbili, akasema, "Huyu anafaulu. Ila nikumbushe, ridhaa ya mama yake iko wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kanuni ya chuo ilitaka kila anayeonekana kwenye filamu atie sahihi ya ridhaa, na filamu isiyo na sahihi haikupokelewa. Mama Editha alikuwa amekubali kupigwa picha kwa sharti moja: aone kwanza, ndipo asaini. Mwisho wa kuwasilisha ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Jumatano tukaenda kwake na kompyuta ya mkononi.

Nyumba ilikuwa imejaa. Mama Editha alitundika kanga dirishani ili kioo kionekane. Jirani yake, Mama Kulwa, alikaa mbele kabisa, miguu yake imekauka magamba ya dagaa. Tukasalimiana, nikabonyeza. Mwezi ukatokea na watu wakanyamaza, nami nikaanza kujisikia. Mitumbwi ilipoingia, Mama Kulwa akanyoosha mkono.

"Simamisha hapo, mwalimu. Huo mwezi wa wapi?"

"Wa hapa hapa kwenu, mama," nikajibu kwa fahari.

"Na hao dagaa?"

"Wa hapa hapa."

Akageukia wenzake. "Jamani! Mwezi umejaa kama sinia, na mitumbwi nayo imejaa. Hao dagaa walipigiwa simu?"

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja alishika ukuta asianguke. Mimi nilitabasamu tu, sijui nacheka nini, hadi Mama Kulwa aliponihurumia.

"Dagaa wanavuliwa gizani, mwalimu. Wanafuata taa. Mwezi ukishajaa, ziwa lote ni taa. Hiyo ya kwako watakuja kuifanyia nini? Wavuvi wanapandisha mitumbwi, wanakwenda makwao hadi giza lirudi. Kwani kwenu wapi?"

"Misungwi, mama."

"Mtu wa ng'ombe! Basi mwacheni. Hata mimi ukinionyesha fahali anakamuliwa, nitasifu maziwa."

Hapo nilicheka kweli. Lakini Mama Editha hakucheka. Alikuwa akimtazama binti yake.

"Editha, wewe si mtu wa ng'ombe."

Editha akainamisha kichwa.

"Wenzangu wa mialo yote wakiona hii watasema nimezaa mtoto asiyejua kazi iliyomlea. Mimi jina langu siweki hapo." Akaisukuma fomu hadi kwenye goti langu.

"Mama, kosa ni langu," nilisema. "Tupe hadi Ijumaa asubuhi."

Mama Editha alikwenda kuitoa kanga dirishani.

Tulipokuwa tukipanda njia ya mawe kuelekea barabarani, nilimuuliza Editha kama alijua.

"Nilijua, madam."

"Na ulikaa kimya siku mbili?"

"Nilikuambia dagaa hawakuwepo. Halafu ukasema ndiyo shoti nzuri kuliko zote. Wewe ni mwalimu wangu. Ningeanzaje kukuambia hapana?"

Tumewafundisha watoto wetu adabu, na wameshika vizuri sana. Aliyepaswa kuuliza ni mimi. Alinipa kadi tatu zenye ukweli wa mwalo mzima, nikaona uvivu wa kamera.

Alhamisi tulifunga mlango wa chumba cha uhariri na kutazama picha zake zote za siku zile kumi, bila kupeleka mbio. Mbuzi alipanda kwenye kichanja, akashuka. Taa za wavuvi zilining'inia zimezimwa. Mama Editha alisuka nywele za mtoto wa jirani, akamaliza, akakaa, akatazama ziwa, akainuka, akakaa tena. Nilianza kuona kitu ambacho sikukiona kwa miaka yote niliyoishi jiji hili: kusubiri nako ni kazi, na hakuna anayekusaidia kuifanya. Kisha, kutoka nyuma ya kamera ikiwa bado imeelekezwa kwenye kichanja, tukasikia sauti ya Mama Editha: "Wewe Editha, unapiga picha nini? Leo hakuna kazi."

Tulitazamana.

"Ungependa ianzie wapi?" nilimuuliza, nikakalia mikono yangu. Si utani, niliikalia kweli.

Alifikiri. "Hapo, madam. Lakini picha isiwepo kwanza. Watu wamsikie mama gizani."

Huko ni kutanguliza sauti: masikio yanafika mahali kabla ya macho, na mtazamaji anasogea kwenye kiti mwenyewe. Kioo cheusi, sauti ya mama. Kisha kichanja kitupu, sekunde sita. Mbuzi, sekunde nne. Mama mlangoni, na hapo Editha alikataa kukata nilipozoea kukata; aliiacha sekunde kumi na mbili, hadi mama anapoinuka na kukaa tena. Ndipo ukaja mwezi. Haukuwa pambo tena. Ulikuwa jibu la kwa nini vichanja ni vitupu. Baada yake kioo kikawa cheusi, kimya, na ndani ya weusi ule nukta moja ya taa ikawaka mbali majini, kutoka kwenye picha za siku alizoongezewa. Ya pili. Ya tatu. Jina la filamu likaingia.

Ijumaa saa mbili asubuhi tulikuwa kwa Mama Editha. Kanga ikatundikwa tena. Sauti yake iliposikika gizani, alishika kinywa.

"Mbuzi wangu huyo!" akapiga kelele Mama Kulwa. "Mnaona ananenepa?"

"Nyamaza, tuone," Mama Editha akamwambia.

Mwezi ulipotokea nilimtazama Mama Kulwa badala ya kioo. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa jirani mkorofi anayemfahamu. Taa ya kwanza ilipowaka, mwanamke mmoja nyuma akasema, "Haya, giza hilo," na wengine wakashusha pumzi pamoja naye.

Ilipokwisha, Mama Editha alinyoosha kidole kwenye kioo.

"Hapo mlangoni," alisema, "ndivyo ninavyokaaga?"

"Ndivyo, mama," alijibu Editha.

"Nimechoka kiasi hicho?"

Editha akaanza kulia. Mama yake akamvuta begani, akamfuta uso kwa pembe ya kanga, kwa ukali kidogo, kama anavyofutwa mtoto mdogo.

"Siku za kazi sichoki hivyo," akasema, akinigeukia mimi. "Nilidhani hakuna anayeona. Lete kalamu, mwalimu."

Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, moja moja, likavuka mstari wa fomu. Saa tano na nusu nilikuwa mbele ya meza ya Mkuu wa Idara, jasho linanitoka. Alitazama ufunguzi mpya, akakunja uso. "Ule wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi," akasema. Nikamwambia, "Ndiyo, mkuu. Ila huu ndio wa kweli." Akapiga muhuri.

Sasa nimestaafu, naishi Buhongwa. Vijana bado wanakuja na kompyuta zao, wananiwekea kwenye meza ya kulia chakula na kuniomba nitazame ufunguzi. Uzee haujaniponya. Mkono wangu bado unawasha ninapoona shoti nzuri katikati ya filamu, na mdomo unatangulia. Juzi kijana wa Igoma aliniletea filamu kuhusu fundi wa kuchomelea mageti. Nikamwambia aanze na cheche, zilikuwa zinapendeza mno. Akajikuna kichwa, akatazama sakafu, akatazama mlango.

"Samahani, madam," akasema, "hapana. Fundi hawezi kuanza na cheche. Kuna kazi kubwa kabla ya hapo."

Nilinyanyuka, nikampisha kwenye kiti kilichokuwa mbele ya kompyuta.

"Kaa hapa," nikamwambia. "Nieleze."