Mpima Mito na Mdogo Wangu Furaha

Jumatatu ile kabla ya vita kufika Bukavu, nilikuwa nabandika jalada jipya kwenye kitabu cha maisha ya Wakanada wa karne ya kumi na tisa. Padri mzee wa parokia yetu alikuja nacho kutoka kwao Kanada, na unyevu ulikuwa umekila. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza vitabu vya parokia kwa gundi ya unga wa muhogo, ila nilivisoma kuliko nilivyovitengeneza. Majina ya kule yalinishinda, basi niliwapa mengine. Mwanamume aliyetembea miaka na miaka akichora ramani ya nchi nzima nilimwita Mpima Mito. Mwanamke mweusi aliyewachapia gazeti watumwa waliokimbilia kule nilimwita Mama Gazeti. Niliota siku moja nitafika niione hiyo mito.

Mdogo wangu Furaha, wa miaka kumi na minne, alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, huku akinisikiliza. Wazazi wetu walikwisha kufa, tulibaki wawili. Mimi aliniita Yaya, yaani mkubwa wake. Kila hadithi alitaka tuiruke hadi mwisho.

"Yaya, huyu walimuzika wapi?"

"Subiri, bado hajaoa."

"Ataoa, kisha atakufa. Walimuzika wapi?"

Nikafungua ukurasa wa mwisho, nikamsomea kaburi lilipo. Hapo akatulia. Kwetu ndivyo tulivyo: mtu ambaye hatukumzika, hatusemi amekufa. Tunasema amebaki njiani, na hatumfanyii kilio.

Mabomu yalianguka wiki hiyohiyo. Tulitoka na unga, sufuria na kitenge kimoja. Kitabu kilibaki mezani. Tulifuata watu waliokuwa wakielekea msituni, nami nikawa namsimulia habari za Mpima Mito kwa kichwa ili asikae chini, maana waliokaa chini wengi hawakuinuka.

"Huyo Mukanada wako alikuwa na viatu," akasema.

"Vilimwishia."

"Bon, walimununulia vingine."

Akacheka, akatembea. Tulikwenda hivyo siku kumi na moja.

Kwenye mto mmoja watu walikuwa wamefunga kamba toka ukingo hadi ukingo. Tulivuka tumeishika, maji kifuani.

Risasi zikatoka nyuma yetu.

Kamba ikalegea.

Nilimshika kitenge. Mkono sikuupata.

Kitenge kilibaki kwangu.

Nilifuata ukingo siku mbili nikimwita.

Miaka miwili baadaye nilikuwa Brussels, Ubelgiji, nikiishi mtaa wa Etterbeek chumba kimoja na Shabani, mtu wa Bujumbura anayesafisha ofisi karibu na kituo cha Schuman; nilimwita Tonton, yaani mjomba. Nilikuwa nimeomba ukimbizi, na nilikuwa nimeitwa kuhojiwa mara ya pili. Tonton akavaa miwani, akasoma karatasi zangu.

"Donc hapa umesema maji yalimchukua. Na hapa, ndugu walio hai: Furaha. Unaomba aletwe. Watasema unadanganya."

"Sikumuzika, Tonton."

"Mimi nakuelewa. Yule wa ofisini, kwake kuna mzima na kuna maiti, basi. Wakikufukuza, huko utakufa na wewe; nani atabaki wa kumwita?"

Nilitoka, nikapita barabara ya Chaussée de Wavre yote. Kwenye maduka ya vitenge nilijikuta nawatazama wasichana mabegani, nikipima urefu. Angekuwa amerefuka. Kumfuta kwenye karatasi niliona kama kuiachia kamba kwa mkono wangu. Lakini nilijua pia kwamba nikirudishwa, hakuna atakayebaki wa kusema alikuwepo. Nilipofika mwisho wa barabara nilikuwa nimeamua.

Kesho yake kwenye mahojiano, mkalimani kati yangu na mtu wa ofisini alikuwa maman mmoja wa Uvira. Nikamwambia, "Maman, mwambie afute Furaha kwa walio hai."

Hakutafsiri. "Mwanangu, una hakika?"

"Sina. Lakini tafsiri."

Akatafsiri. Nikasimulia mto wote, sikuruka kitu: kamba, risasi, kitenge. Mtu wa ofisini akauliza amezikwa wapi.

"Hakuna mahali."

Akaandika.

Jumamosi Tonton aliazima viti kwa majirani. Maman wa Uvira alikuja na sufuria ya maharage, na watu wa mtaa wa Matonge ambao hawakumjua Furaha walikuja kukaa kilio, Wakristo na Waislamu. Mwanzoni niliona ninamsaliti. Kisha mama mmoja akaniuliza, "Alors, alikuwa mutoto wa namna gani?" Niliongea hadi chai ikapoa.

Barua ilikuja baada ya wiki sita. Walinikubali. Ilikuwa na jina moja, langu. Nimepata mahali pa kuishi, na ili nipapate ilibidi nitamke kwa kinywa changu kwamba mdogo wangu amekufa, jambo ambalo sikuliona kwa macho. Wakiniita tena nitalitamka vilevile. Ila mtu akiniuliza tumezaliwa wangapi, najibu wawili, na sipunguzi.