Tuktuk Isiyonguruma

Tajiri wetu alipoleta tuktuk za umeme gereji, nilikuwa nimelala chini ya tuktuk ya petroli na sikuzisikia zikiingia. Hilo ndilo lililoniudhi kwanza. Tangu nianze kazi hii hapa Likoni, chombo hujitangaza kabla hujakiona. Unasikia plagi mbovu tangu kule barabarani, unajua ekzosi imetoboka, unajua hata dereva ana haraka au anajivuta tu. Hizi ziliingia kimya kama wezi, na nilipotoka chini na grisi mpaka masikioni, nikazikuta zimepangwa ukutani.

Tajiri alisema za petroli ataziuza zote, na fundi atakayebaki ni yule atakayekwenda mafunzoni na kupita mtihani. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hofu.

Pale gereji tuko mafundi wawili. Mwenzangu ndiye aliyenifundisha kazi. Nilimjia kutoka Kaloleni sijui spana ipi inaingia wapi, akanilisha, akanisimanga, akanifanya mtu. Leo nina watoto wanaonyoa ndevu, na yeye bado ananiita kijana.

"Tangulia wewe, kijana," aliniambia. "Ukirudi utanionyesha. Lakini chombo kisichonguruma utajuaje kinaumwa wapi?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini tulikuwa waoga wote wawili.

Mafunzo yalikuwa Changamwe, kwenye banda karibu na uwanja wa ndege, na kila ndege ilipopaa somo lilisimama mpaka ipite. Asubuhi ya kwanza nilipokewa mlangoni na msichana aliyevaa ovaroli na mtandio, makamo ya binti yangu mkubwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu yuko wapi?"

"Ndiye mimi, baba."

Nilitamani ardhi inimeze. Akanitafutia kiti chenye mto, wengine wakakaa kwenye mabenchi, na somo likaanza.

Sikuelewa kitu. Nasema ukweli, sikuelewa. Betri nilidhani naijua, kumbe hii ya chini ya kiti inazungumza na simu. Taa ndogo ikimeta mara kadhaa, hiyo ndiyo inayokuambia ugonjwa, lakini sharti uhesabu vizuri, na mimi nikihesabu huku ndege inapaa, hesabu inanipotea. Nimezoea kunusa. Hapa hapana cha kunusa, na ukisikia harufu basi ujue umeshaunguza kitu. Jioni nilikuwa navuka feri kurudi Likoni kichwa kinavuma, na mke wangu akiniuliza nimejifunza nini, namwambia chai yao ni nzuri.

Lililonifariji ni kwamba mwalimu hakunilalamikia hata siku moja. Vijana aliwafokea waziwazi. "Wewe, unataka kuniulia watu? Anza upya!" Akifika kwangu anainama kidogo, anatazama nilichokifanya, anasema, "Vizuri, baba." Kila siku vizuri, baba. Basi nikaanza kujiona nina kipaji kilichojificha. Nilifika hadi kuwahurumia wale vijana. Kitu kimoja tu kilinishangaza: kila nilipofungua kifuniko na kutia mikono ndani, mkono wake ulipita kando yangu kimya kimya, kama mtu anayekuondolea uzi shatini, ukagusa mahali fulani karibu na usukani. Nikadhani ni msichana asiyeweza kutulia.

Siku ya mtihani akaja mpimaji kutoka kampuni inayouza zile tuktuk. Mwalimu aliambiwa akae mbali. Kazi yangu ilikuwa kutafuta waya uliolegea kwenye usukani. Tuktuk ilikuwa kimya, imetulia tuli, na mimi chombo kikiwa kimya najua kimezimwa. Ndivyo nilivyojua maisha yangu yote. Nikainama, nikaegemea ule mshikio wa kulia wa kuongeza mwendo, na tuktuk ikaruka. Iliruka pamoja na mimi, ikagonga meza, chupa ya chai ikapasuka, mpimaji akapanda juu ya kiti. Nilibaki nimeukumbatia usukani, sielewi nani ameiwasha.

"Hujazima ufunguo," mpimaji alisema akiwa bado kitini. "Umefeli."

Nilitoka nje nikasimama juani. Nilirudia mambo yote kichwani, na hapo ndipo nilipouona ule mkono. Alikuwa akinizimia. Siku zote zile alikuwa akinizimia.

Nilimkuta mwalimu anaokota vigae vya chupa. "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

Machozi yalimlengalenga. "Baba, nitakukaripiaje mbele za watu? Mtu mzima kama wewe? Kwetu nyumbani hatukulelewa hivyo, wallahi."

Sikujua nikasirike au nimshukuru. Nilihisi yote mawili, na juu yake aibu. Nilimwambia kwamba nimempigia tajiri simu, naye amekubali nirudie mtihani wiki inayofuata, na nikifeli tena sina kazi. Basi anifokee kama anavyowafokea wale vijana.

"Siwezi, baba."

"Kisha mie na wanangu tule wapi?"

Aliendelea kuokota vigae mpaka ndege ikapita. Kesho yake nilitia mikono chini ya kifuniko, na sauti ikanipiga mgongoni: "Zima kwanza! Una masikio ya nini?" Banda zima likageuka. Damu ilinipanda usoni, nikajisikia mtoto mdogo, na nikazima. Saa ya chai alinijia akaniomba radhi, nikamwambia aendelee. Akaendelea. Siku ya tatu nilikuwa nazima hata tuktuk iliyokwisha kuzimwa. Mtihani nilipita, na nilipopokea cheti alinikabidhi kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

Nilirudi Likoni nimeshika cheti, nikidhani kuchanganyikiwa kumekwisha. Tajiri akanipongeza, akasema sasa nimfundishe mwenzangu, naye atapimwa. Fundi wangu akacheka. "Haya, kijana, nionyeshe hayo maajabu yako."

Nikamwonyesha. Alisikiliza huku akitikisa kichwa, akakunja mikono ya shati, akafungua kifuniko, akaingiza mikono yake ile iliyonifundisha kila kitu. Ufunguo ulikuwa umewashwa. Niliuona. Madereva walikuwa wamekaa pale kivulini wakingoja vyombo vyao, wanatutazama. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kuuelekea ule ufunguo. Nilitaka kuuzungusha tu, kimya, niseme vizuri, fundi, tuendelee.

Nikaurudisha mkono. "Zima kwanza, fundi," nikasema.

Ama hakusikia, ama alijifanya hakusikia. Nikapaza sauti, na ilitoka kali kuliko nilivyokusudia. "Fundi, zima! Utaua watu!"

Aligeuka, akanitazama kama mtu asiyekumbuka ameniona wapi. Kisha akazima, akafuta mikono kwa kitambaa, akaingia ndani.

Toka siku ile anajifunza. Anazima kila mara, hakosei hata kidogo. Kijana haniiti tena. Mimi nikimwamkia anaitika, lakini hasemi zaidi. Nikimweleza jambo, anatazama tuktuk, hanitazami mimi. Sijui nimemwokolea kazi au nimemvunjia heshima, na usiku mke wangu akiniuliza, namjibu kwamba labda vyote viwili, halafu nabaki macho.

Jumamosi anakwenda Changamwe kupimwa. Leo asubuhi ameomba nimwazime ovaroli yangu safi ya kuvaa siku hiyo. Amemtuma dereva aje kuniomba, na yeye alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwangu.