Kumsindikiza Mehboob kwa Macho

Mehboob alirusha ndege za kivita Burma, lakini pale Dodoma watu walimjua kwa kuuza minyororo ya baiskeli. Vijana wa sokoni walimtania, "Rubani, leo unaruka na pampu?" naye akacheka nao. Alikuja vita vilipokwisha, akaoa mjane mwenye binti mchanga, Khairunissa. Mtoto hakumjua baba mwingine, wala hakumtaka.

Habari za vita hakupenda kusimulia, ila jambo moja. Kule kwenye kiwanja cha ndege, rubani mwenzao akiruka, waliobaki walimtazama mpaka apotee machoni. "Ukigeuka mapema, umemwacha peke yake," alisema. Basi kila Khairunissa alipopanda treni kwenda shule Dar es Salaam, Mehboob alisimama stesheni hadi moshi ukaisha angani. Wapagazi walimcheka, hakujali.

Kisha homa ikamchukua. Kaka yake, mzee Gulamrasul, aliyekuja kumuuguza, ndiye akasimamia maziko. Wanawake hawaendi makaburini. Khairunissa alilijua hilo. Aliomba tu kumwona uso kabla sanda haijafungwa.

"Wewe si damu yake, binti," mzee alimwambia kwa upole. "Kwako ni mtu baki. Haifai."

Hakubishana na mkubwa. Sanda ikafungwa, jeneza likainuliwa, wanaume wakaondoka nalo.

Sheikh Mbwana, aliyechelewa njiani akitoka kijiji cha Busi, aliwakuta wanawake peke yao. Alipoelezwa, aliinamisha kichwa. "Mzee amekosea. Aliyemwoa mama yako na kuishi naye ni maharimu wako, sawa na baba mzazi. Ulikuwa na haki ya kumuaga."

Haki hiyo ilikuwa imeshavuka reli pamoja na jeneza. Khairunissa aliumia kuliko alivyoumia aliposikia amekufa. Alikimbilia uani, akapanda juu ya ghala lao la tembe, paa la udongo likimwagika vumbi chini ya miguu yake. Kwa mbali aliona kofia nyeupe zikisogea. Akazitazama mpaka zikapotea.

Mama yake alimsihi ashuke. Wanaume wakarudi na jeneza tupu, yeye bado yuko juu. Sheikh akamnong'oneza Gulamrasul, na mzee wa watu akaja chini ya ukuta, machozi yakimtiririka ndevuni.

"Nisamehe, mwanangu. Shuka."

Khairunissa hakugeuka.

"Subiri, baba mkubwa," alisema. "Bado namwona."