Mashimo ya Nyuma ya Vulamba

Nani hakumjua Mama Kyakimwa kule Vulamba, kwenye vilima vya Butembo? Labda mgeni, tena mgeni asiye na shamba. Maana ukilima Butembo utapata fuko tu, na fuko akianza kukumalizia viazi kutoka chini, utamtafuta Kyakimwa upende usipende. Alikuwa mama mrefu, mkavu, asiyejua kubembeleza mtu. Akifika shambani kwako hakuulizi habari za batoto wala za mvua. Anainama, anashika udongo, anaunusa, halafu anaingiza mkono shimoni mpaka begani. Ayii! Ulitetemeka wewe unayeangalia, yeye wala.

Kisha anakuambia. "Huyu panya buku, angalia mbegu alizobeba." "Huyu nungu, mwiba wake huu hapa." Anatega mtego wake wa kijiti na kamba, anakwenda zake. Na siku asipojua, anasema hajui, anarudi nyumbani bila kukubali hata kiazi kimoja cha malipo. Kutega mitego wengi wanaweza. Lakini kumwambia mwenye shamba aliyechemka kwa hasira kwamba "sijui", haya, nionyesheni mwingine.

Vita ya pili ya Kongo ilipotufikia, askari walioshika mji walipanda vilima kila mara kuwasaka Mai-Mai, wapiganaji wa msituni. Wakishuka, hawashuki mikono mitupu: mbuzi, redio, magodoro, hata sufuria na maharagwe yake ndani ikiwa bado ya moto! Donc, basi, watu wakatumia akili. Mwenye kitu cha thamani alikwenda kukizika shambani, tena si popote. Alitafuta shimo la mnyama, akachimba kando yake, ili udongo wake uchanganyike na udongo wa mnyama. Askari akipita ataona kazi ya nungu, ataendelea na njia yake. Kilima kizima kilifanya hivyo, na hakuna aliyemwambia jirani yake amezika nini.

Msimu ule, kwenye shamba la Apollinaire, yakatokea mashimo ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Makubwa! Mtu mzima angeweza kuingia akitambaa. Huyu Apollinaire alikuwa fundi wa kushona, mdogo wake Kyakimwa, tumbo moja. Askari waliyaona mashimo kabla ya Kyakimwa, na shamba lenyewe linaangalia barabara ya Beni, wanakopita wao na magari yao. Kwa askari hapo hakuna swali tena. Walimfunga Apollinaire kamba mikononi, wakampeleka kambini: eti amewachimbia Mai-Mai mahali pa kujificha.

Komanda wao, Mukendi, alikuwa mtu wa Kasai, mkoa wa mbali, mwenye sauti ya upole, na upole huo ndio uliotisha watu. Alisema asubuhi atapanda mwenyewe kuangalia. Akikuta mashimo ni ya watu, Apollinaire atabaki hukohuko kilimani. Kila mtu alielewa atabakije.

Jioni hiyo majirani walijaa jikoni kwa Kyakimwa. Kaswera, mke wa Apollinaire, alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Mzee Kasonia, jirani wa shamba, ndiye aliyetoa shauri.

"Sisi bote tuseme neno moja," alisema. "Ni nungu. Ukiulizwa, nungu. Ukipigwa, nungu."

Wote wakaitika. Kyakimwa alikuwa akisukuma kuni motoni.

"Na weye, yaya?" Kaswera akamuuliza, akimwita dada mkubwa kama mumewe alivyomwita. "Utasema nungu?"

"Nitasema kile nitaona. Sijaangalia bado."

"Yesu wangu! Ni bwana yangu balifunga, haiko fuko!"

Kyakimwa akapuliza moto. Moyo ulikuwa unamuuma kupita wote mle ndani, kwani mdogo wake yule alimbeba mgongoni tangu mama yao alipokufa. Lakini alijua pia kwamba watu wakikariri neno moja, mwenye akili anasikia kukariri kwenyewe.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado kwenye migomba walipopanda: Mukendi mbele, askari wake, Apollinaire na kamba zake, na watu wa kilima nyuma. Mzee Kasonia akasema nungu. Mwenzake akasema nungu. Wa tatu hakuwa hata ameulizwa, akasema nungu.

"Nungu," Mukendi akarudia polepole. "Nungu ya ukubwa hii?" Akageuka. "Mama, banasema weye ndiye unajua mambo ya mashimo. Iko nini hii?"

Kyakimwa alivua sapato miguuni, akapiga magoti, akaingia kwenye shimo la kwanza mpaka kiuno. Watu waliona miguu yake tu. Alikaa humo muda, kisha akarudi nyumanyuma, udongo kwenye nyusi.

"Nungu hakuchimba hii," alisema.

Kaswera alipiga kelele. Mzee Kasonia alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Nungu analala humu, mwiba wake ni huu," Kyakimwa akaendelea, akiufungua mkono. "Lakini alikuta nyumba imeisha kujengwa. Mwenye kuchimba ana kucha pana, nguvu mingi, na udongo anatupa nyuma yake. Angalia vichuguu vile juu, amevipasua vyote: anakula muchwa. Na huu mustari hapa chini ni mukia, anaukokota. Ni muhanga, komanda. Nilimuona Kasindi, kule uwandani, wakati nilikuwa nimeolewa kule. Huku kwa mulima sijamuona hata siku moja. Labda vita imemufukuza, sawa sisi."

Mukendi alichuchumaa. Aliweka vidole vyake kwenye alama za kucha ukutani mwa shimo, kimoja kimoja, vikaenea.

"Masikio marefu?" aliuliza.

"Ya punda. Na pua ya nguruwe."

"Ah, huyu namujua!" Na kwa mara ya kwanza mtu yule alicheka. "Kwetu Kasai iko. Jina tu ndiyo ingine."

Basi wakatembea shimo kwa shimo, wawili hao wakiinama pamoja, muhanga, muhanga, muhanga, na Apollinaire akaanza kupumua vizuri. Mpaka wakafika kwenye migomba, ambako palikuwa na shimo dogo lililofukiwa, udongo wake umezama kidogo.

"Ni nyama ileile, ni muhanga, komanda," Apollinaire akawahi kusema.

Kyakimwa aliinama. Kingo zilikuwa zimekatwa wima. Udongo ulirundikwa upande mmoja, kama mtu anavyofanya akisimama mahali pamoja. Na jembe alilifahamu: lilikuwa na pengo, na pengo hilo liliacha alama kila lilipopiga. Alijua pia kilichomo. Ndugu yake alikuwa na kitu kimoja tu cha kuzika: mashini ya kushona aliyoiacha baba yao, iliyolisha nyumba zote mbili na kuwapeleka batoto kusoma.

Aliinua macho. Mukendi hakuwa akimwangalia yeye. Alikuwa akiangalia zile kingo, na alikuwa amekwisha kuziona. Alikuwa anangoja tu kusikia. Kyakimwa akaelewa kwamba akidanganya hapa, yote aliyoyasema tangu shimo la kwanza yamekufa, na Apollinaire pamoja nayo.

"Hii ilichimbwa na mutu," alisema. "Na jembe. Ni ya ndugu yangu."

"Yaya!" Apollinaire akapiga kelele.

"Kuna nini ndani?" Mukendi aliuliza.

"Fukueni, mutaona."

Askari wakafukua, bunduki zikiwa tayari. Ikatoka mashini, imefungwa kwenye shiti na majani ya migomba, inang'aa mafuta. Hapakuwa na risasi, hapakuwa na kitu kingine. Mukendi aliitazama, akamtazama Kyakimwa, akaangalia pembeni.

"Mufungueni mutu huyu," alisema.

Wakamfungua. Na wakati kamba zinaanguka, askari wawili walikwisha kuinua mashini.

"Komanda," Kyakimwa akaita, "ile ni kazi yake. Ni chakula ya batoto."

Mukendi hakugeuka. Wakashuka na mashini yao, aibu hawana, mpaka ukungu ukawameza.

Apollinaire alikaa ukingoni mwa shimo, mikono imevimba. Hasira zikampanda mbele ya watu wote.

"Ulishindwa nini kusema muhanga? Neno moja tu, yaya! Mashini ya baba! Mara zote ulisema muhanga, hapa kinywa kikakataa?"

Kyakimwa alikuwa akikung'uta kitambaa chake cha kichwa. 

"Ningesema muhanga hapa," alisema, "saa hii ningekuwa nachimba shimo yako."

Apollinaire akaziangalia alama za kamba mikononi mwake. Kisha akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya watu wa kilima, na Kyakimwa akaketi chini karibu naye.