Redio ya Lori la Baba

Vumbi likiungua ndani ya redio iliyokaa miaka bila kuwashwa lina harufu ya nywele zilizopitiwa na chanuo la moto. Juzi nilikuwa kwa fundi mmoja mjini Kitale alipowasha redio kuukuu, harufu hiyo ikanifikia, nikalazimika kutoka nje nikae kidogo.

Mama alikuwa akizungumza na malori ya mahindi kutoka ofisi moja pale Kibomet. Redio yake ilikuwa na nguvu, na mlingoti wake ulizipita paa za majirani wote. Baba aliendesha mojawapo ya malori hayo, lenye redio ndogo iliyotegemea betri ya gari. Nilikuwa na miaka tisa. Nikitoka shule nilijikunyata chini ya meza ya Mama nimsikie Baba akisema amefika Endebess, amepakia. Akivuka upande wa Bungoma sauti yake ilimezwa, tukabaki na kelele kama za bisi sufuriani. Tulisema amepotea.

Ijumaa ya kufunga shule nilikuwa namba moja. Baba alikuwa ameniahidi kuja. Nilipokea zawadi yangu, beseni la plastiki, maana shule yetu ilizawadia vya jikoni, nikatazama wazazi waliokaa kwenye nyasi. Hakuwepo.

Ofisini, Mama alimwita mara tatu. Kimya. Alipotoka kuchota maji ya chai, nilishika maiki, nikabonyeza.

"Baba, wewe ni mwongo. Usirudi kwetu. Ova."

Niwaambie ukweli, nilisikia raha. Nilijua sina wa kunisikia.

Alirudi Jumapili, matope hadi magotini, na mfuko wa njugu. Hakuniuliza kitu. Ila tangu siku hiyo, kila akitoka safari alisimama mlangoni, kofia mkononi, mpaka nimwambie karibu ndipo aingie. Nilidhani ni mchezo wake mpya.

Mwaka jana tulimzika. Wafula, aliyekuwa utingo wake, alinivuta kando ya hema.

"Ile siku gari ilikwama Tongaren, huko Bungoma, tulikusikia vizuri sana," akaniambia. "Mzee alikuwa anabonyeza tu, anakujibu, 'Nakuja, mama, nakuja.' Alibonyeza mpaka betri ikaisha. Kwani hamkusikia?"

Hatukusikia. Swali hilo ndilo lililonipeleka kwa fundi. Akanieleza kwamba redio zote mbili huenda zilikuwa na masikio sawa. Tofauti ilikuwa nguvu ya kurusha. Ya ofisi ilirusha kwa nguvu, ikafika Tongaren. Ya lori ilirusha kidogo, na jibu la Baba lilipofika Kibomet lilikuwa limefifia chini ya zile kelele, redio yetu isiweze kuliokota. Sisi tuliamini asiyetujibu hawezi kutusikia.

Maji yakimwagika hayazoleki, Mama alizoea kusema. Mimi naukumbuka ule mlango. Siku nyingine nilimwona Baba amesimama pale na uchovu wake, nikanyamaza kusudi, nikicheka moyoni, nione atangoja mpaka lini. Alingoja.