Mwendo wa Mkono wa Mzee Nuur

Siku niliyoripoti kazini katika ofisi ya redio ya Garissa, Fundi Mkuu hakuniuliza vyeti. Alinikalisha kwenye kiti cha mbao, akaweka santuri ya Kizungu ya watu wanne: fidla mbili, ya tatu nene kidogo, na ya nne kubwa kabisa, ile inayokaa katikati ya magoti. "Ikiisha utaniambia mambo matatu," akasema. "Inakwenda mwendo gani, iko kwenye ufunguo gani, na ina hali gani moyoni."

Ikaisha. Nikamwambia, "Bwana, mimi imenitia usingizi."

Alicheka mpaka miwani ikamtoka. Kisha akairudisha sindano mwanzo, akanisomesha. Mwendo ni kasi ya pigo. Ufunguo ni ile sauti ambayo wimbo unatokea hapo na unarudi hapo kupumzika. Hali ni huzuni au furaha anayoachiwa msikilizaji. Mimi nilitoka Lamu na cheti changu cha mitambo, nikidhani kunasa sauti ni kuzungusha vidude tu. Kumbe! Hata kumsikiliza mtu nilikuwa sijui.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita vya shifta. Barabara za Wajir na Mandera zilikuwa hazipitiki ila kwa msafara wa malori yenye askari, na kukusanyika nje kulipigwa marufuku. Kwa hiyo muziki tuliunasia vyumbani, watu watatu wanne wakikaa karibu karibu, kisha utepe ukapelekwa Nairobi kwa kipindi cha Kisomali. Jenereta inanguruma, kwa hiyo tulitumia kinasa sauti cha betri. Msafara ukichelewa na betri mpya zikakosekana, tulizianika zile kuukuu juani kama samaki, zikapata uhai kidogo. Kila fundi wa Garissa alifanya hivyo.

Ndivyo tulivyomnasa Mzee Nuur, mpiga kaban, udi wa Wasomali. Loo, mzee yule alijua! Alikaa na wenziwe wawili, mmoja wa tari na mmoja wa filimbi, akapiga wimbo wa kumlilia marehemu mkewe. Alikuwa amekonda, kifua kinamkwaruza. Binti yake wa pekee, Sahra, aliolewa na mfanyabiashara huko Bute, upande wa Wajir, na tangu vita vianze hawakuwa wameonana.

"Warya, sikieni," akatuambia. "Huu ni wimbo ya mama yake. Yeye atasikia kwa redio. Lakini wallahi, mtu asimpelekee habari mimi ni mgonjwa. Barabara ni mbaya. Atakuja, atauawa."

Fundi Mkuu akampa mkono na kuahidi. Mzee alipomaliza kupiga, alilala chini kwa kikohozi, tukajua hatapiga tena.

Tulipouweka utepe kwenye mashine kubwa ya ofisini, nilitamani ardhi inimeze. Betri zilikuwa zimechoka katikati ya kazi, utepe ukawa unajikokota wakati wa kunasa, na sasa ulipochezwa kwa kasi yake ya kawaida kila kitu kilikimbia na kupanda juu. Maombolezo yakawa ngoma ya harusi! Huyo binti angesikia mamake marehemu akichezewa ngoma.

Fundi Mkuu hakupandisha sauti. Alisema, "Msikilize uzi wa chini." Kweli, kila baada ya ubeti mzee aliugusa uzi mnene wa kaban bila kuubana kwa kidole. Sauti ya uzi ule ilipaswa kuwa moja mwanzo hadi mwisho. Basi Fundi Mkuu alikaa na kile kidude cha kurekebisha mwendo, akakizungusha unywele kwa unywele kila uzi ulipopanda, mpaka ukarudi mahali pake, huku mashine ya pili ikinakili. Alirudia kutwa nzima, jasho linamtiririka. Mimi nilikaa nikimtazama kwa mapenzi matupu.

Nakala ilipokuwa tayari, niliona kasoro. "Bwana, umepitiliza. Beti za mwisho zinaburura."

"Ufunguo umeshuka?"

Nikasikiliza. "La, uko pale pale."

"Mashine ikikosea, ufunguo na mwendo huharibika pamoja. Hapa mwendo peke yake ndio unaolegea. Huo ni mkono wa mzee."

Nikaelewa kwamba binti angeusikia ugonjwa humo humo. "Basi tuongeze mwendo kidogo tu, binti asije akagundua."

Akanitazama. "Niliahidi kunyamaza. Sikuahidi kudanganya kwa mashine." Utepe ukaenda Nairobi vile vile.

Haukupita muda mrefu tangu wimbo utangazwe, msafara wa malori ya ng'ombe ukaingia mjini, na Sahra akateremka, vumbi mpaka kope. Tulikuwa kwa mzee tukimjulia hali. Mzee alituangalia kwa macho makali, kisha akamgeukia bintiye.

"Nani amekuambia mimi ni mgonjwa?"

"Wewe mwenyewe, aabbe. Mwisho wa wimbo wa hooyo, wa mama, haujawahi kuchelewa hivyo."

Mzee akamshika kichwa kwa mikono miwili akalia, naye binti akalia. Alimuuguza mpaka Mungu alipomchukua, na mzee hakufa peke yake.

Baadaye nilihamishiwa Nakuru chini ya Mhandisi wa Mkoa, kisha Nairobi chini ya Mkurugenzi wa Vipindi, watu wazuri na mitambo ya kisasa. Fundi mwingine kama yule sikumwona.

Siku hizi nimestaafu, na wajukuu hunionyesha kompyuta inayonyoosha mwendo wa wimbo kwa kubonyeza mara moja. Kazi safi, siwezi kukataa. Pigo halichelewi wala haliwahi. Mimi huwasikiliza mpaka mwisho, halafu huwauliza: na aliyekuwa akipiga, hali yake ikoje?